Jinsi ya kuielewa sheria ya Frank-Starling bila kukariri

Kama uko chuo cha afya na hii mada inakutoa jasho, weka kitabu pembeni tafuta manati. Vuta mpira kidogo uachie, jiwe linadondoka hapo hapo miguuni. Vuta mpaka shavuni, jiwe linavuka ukuta wa jirani (kimbia). Moyo nao ndo hivyo, damu ikirudi nyingi ventrikali (chumba cha moyo kinachosukuma damu nje) inatanuka zaidi na pigo linalofuata linasukuma kwa nguvu zaidi, wala hausubiri amri ya ubongo, hata moyo wa kupandikizwa ambao neva zake zimekatwa unafanya hivyo hivyo. Otto Frank aliyaona haya kwa vyura Ujerumani 1895, Starling na wenzake wakayaona kwa mbwa London 1914.

Ila manati usiing'ang'anie, mpira unarudi wenyewe, msuli unafanya kazi. Chora sakomea moja (kipande kidogo cha msuli kinachojikunja) kwenye daftari, nyuzi nene za protini ya mayosini katikati, nyembamba za protini ya aktini zinaingia toka pande zote mbili. Ikiwa fupi, aktini zinapandana, kushikana kunakuwa kwa shida. Ivute ifike kama mikromita 2.2, hapo vichwa vya mayosini vinapata pa kushika vizuri. Halafu kuna hii ambayo watu wanairuka kila mtihani: msuli uliovutwa unakuwa mwepesi kuitikia kalisiamu (madini yanayouamsha msuli ujikunje), yaani kalisiamu ile ile, nguvu zaidi, na kwa moyo hii ina uzito sana usiiache.

Sasa grafu. Chini weka damu iliyojaa kabla ya pigo, wima weka inayotoka. Mtu mzima aliyetulia anajaza kama mililita 120, anatoa kama 70. Mstari unapanda haraka halafu unalala. Chini yake chora mwingine uliolala zaidi, huo wa moyo uliochoka, unaujaza weee na unachotoa ni kidogo tu.

Wodini utaiona hivi: mgonjwa presha imeshuka hujui umuongeze dripu au la. Aanze akiwa nusu kukaa, halafu kwa kitanda chenyewe mlaze chali na unyanyue miguu nyuzi 45, damu kama mililita 300 inakimbilia kifuani. Angalia na eko (ultrasound ya moyo) ndani ya dakika moja, presha peke yake inadanganya. Damu inayotoka ikiongezeka, bado yuko kwenye mlima wa ile grafu. Isipoongezeka ameshafika tambarare, hiyo dripu itaishia mapafuni.