Oska wako anakua kuliko tanki? Soma hapa kabla hajakuzidi

Oska, huyu samaki wa kufugwa kwenye tanki la kioo, akiwa na sentimita tano ni mtego mtupu, anakukodolea macho, ukipitisha kidole kwenye kioo anakifuata, hapo moyo ushayeyuka na mfuko ushafunguka. Mi nilibeba wawili siku hiyohiyo. Kumbe akila vizuri huyu samaki mwanzoni anaongeza kama sentimita mbili na nusu kwa mwezi, akishapevuka anafika 30 na kidogo, na anaweza kuishi miaka 10 na zaidi, kwa hiyo unachonunua sio kale kadogo ka dukani, unanunua lile jitu linalokuja.

Alafu kuna ule uongo kwamba samaki anakua kulingana na tanki. Hapana jamani. Kwenye tanki dogo anadumaa, ni kweli, lakini anadumaa manake anaogelea kwenye uchafu wake na hana pa kugeukia, wengine mgongo unapinda kabisa, wengi wanakufa mapema, af mwenyewe anajisifu kwamba samaki wake "kajirekebisha".

Kitu ambacho wengi hatukipigii hesabu ni unene. Urefu ukizidi mara mbili, mwili nao unapanuka na kunenepa mara mbili, kwa hiyo uzito unapanda kama mara nane, yaani oska wa sentimita 20 sio samaki wawili wa sentimita 10, ni kama nane! Na kinyesi nacho kinaongezeka sana, ndo maana filta, yaani ile mashine ya kuchuja maji, iliyokuwa inatosha mwezi wa pili, ikifika mwezi wa saba maji yananuka na huelewi umekosea wapi. Hujakosea kitu, samaki tu kakua.

Sasa tanki. Oska mmoja mpe angalau lita 280, wawili anzia 400 kwenda juu, na usidanganyike na tanki refu kwenda juu, linapendeza sebuleni ila samaki anaogelea kwa urefu na upana, sio kupanda ghorofa. Upana uwe unazidi urefu wa samaki mkubwa ili ageuke bila kujikunja. Na kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, ukijumlisha kioo, mawe na stendi, hilo la lita 400 linagonga nusu tani, kwa hiyo hakikisha sakafu na stendi vinaweza na viko levo kabla hujamwaga maji, sio baada.

Kuna wengine bora uwapite tu dukani. Kambare mkia mwekundu anapita mita moja, pangasi naye hivyohivyo, arowana anakaribia mita na juu ya hapo anaruka, usipofunika utamuokota sakafuni asubuhi. Hata pleko, yule wanayekwambia ni wa kusafisha kioo, wa kawaida anafika sentimita 30 hadi 45 na yeye mwenyewe ndo kiwanda cha mavi.

Kwenye filta nunua kubwa kuliko ile iliyoandikwa inatosha tanki lako, hiyo hesabu ya kwenye boksi ni ya visamaki vidogo. Ndani ya filta kuna bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, alafu naitraiti kuwa naitreti, hizo mbili za kwanza ni sumu kali na kwenye vipimo zinatakiwa zisome sifuri. Naitreti ina unafuu lakini inajikusanya na filta ya kawaida haiitoi, inatolewa na wewe na ndoo yako. Badilisha asilimia 30 hadi 50 kila wiki, maji mapya yawe na joto linalokaribiana na ya tanki na uyawekee dawa ya kuondoa klorini, na ukiona naitreti inapita miligramu 40 kwa lita hata baada ya kubadilisha, ongeza kiasi au punguza chakula. Sponji za filta suuza kwenye ndoo ya maji yaleyale uliyotoa kwenye tanki, ukizipeleka bombani unaua wale bakteria af unaanza upya.

Chakula hapo ndo tunawaharibu, manake oska ni ombaomba, ukipita tu anacheza kwenye kioo kama hajala wiki. Mdogo mpe mara mbili tatu kwa siku kidogokidogo, mkubwa mara moja inatosha na siku moja kwa wiki asile kabisa. Peleti nzuri, yaani vile vidonge vya chakula cha samaki, ndo ziwe msingi, kamba na minyoo ni vya kuonjesha. Nyama ya ng'ombe sahau, mafuta yake tumbo la samaki haliyawezi vizuri, na wale samaki wadogo hai wa kulishia wanaleta magonjwa tanki zima.

Vitu vya ndani atavipangua vyote, mimea atang'oa, mawe atasukuma, kwa hiyo jiwe zito likae kwenye kioo chenyewe kabla ya changarawe, sio juu yake, asije akachimba chini likaanguka. Hita, kile kifaa cha kupasha maji joto, ivalishe kava. Yangu moja niliikuta imepasuka, na kabla hujatia mkono kwenye maji chomoa umeme, tafadhali. Wakipevuka wataanza pia kugombania eneo, wanakabana midomo, mmoja akiwa anafukuzwa muda wote na mapezi yamechanika weka kizuizi au watenganishe, hawatapatana wenyewe. Ukiona hutaweza kumtunza tafuta wa kumpa angali ana sentimita 15, akiwa jitu hamna anayemtaka, na mtoni au ziwani usimwachie kamwe.

Siku ya kuhamia tanki kubwa, filta ya zamani iende nayo ikiwa na sponji zake. Samaki mkubwa usimbebe kwa neti, magamba yanatoka na anajiumiza, mchote na beseni lenye maji alafu funika, zima taa, changanya maji ya huku na huku taratibu. Baadaye ukimkuta kalala ubavu chini kama maiti usikimbilie dawa, oska wananuna hao! Pima amonia na naitraiti, zikiwa sifuri na anapumua vizuri, muache na kiburi chake, kesho au keshokutwa utamkuta kioo cha mbele anaomba msosi.