SOMO: Kubadili pedi za breki za mbele nyumbani, tukianza na gari isikuangukie

Wakuu salama? Wengi mnaniuliza pm kuhusu kujifanyia sevisi ndogo ndogo wenyewe na mimi naunga mkono kabisa, gereji siku hizi ukiingia na shida moja unatoka na tatu. Leo nachukua pedi za mbele za Toyota IST ile ya kwanza, Vitz nazo hazipishani sana. Ila video mnazotumiana zote naona mtu anaonyesha bolti inavyofunguliwa, hakuna anayeonyesha gari imekalia nini. Bolti ukiikosea unaifungua tena, lakini ile gari ni karibu tani moja bana, ikikushukia kifuani hakuna kurudia. Kwa hiyo nusu ya somo hili spana haijagusa breki bado.

Hatua ya 1: Mahali
Pawe tambarare na pagumu. Najua nyua zetu nyingi ni mchanga, basi tafuta ubao mnene mpana uuweke chini ya jeki na mwingine chini ya stendi (mguu wa chuma wa kushikilia gari ikiwa juu), maana jeki kwenye mchanga inazama upande mmoja taratibu wala hushtuki. Kama kuna mteremko hata kidogo acha, omba kwa jirani mwenye zege. Vua pete na saa, watoto wakacheze mbali. Na usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua.

Hatua ya 2: Legeza nati tairi ikiwa bado chini
Gia P, hendibreki juu, mawe au vigogo mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Halafu spana namba 21, kila nati ilegeze nusu mzunguko tu, usiitoe. Ukisubiri mpaka gari iwe juu ndo uanze kuvutana na nati iliyokaza, unaivuta gari yenyewe itoke kwenye jeki.

Hatua ya 3: Jeki halafu stendi
Hapa tulieni kidogo. Inama uchungulie chini ya mlango, nyuma kidogo ya tairi ya mbele, kuna ukingo wa bati umeshuka chini. Pitisha kidole, utakutana na mikato miwili midogo. Katikati ya hiyo mikato ndo jeki inakaa, pamewekwa pagumu makusudi, ukiweka pengine bati linakunjika na jeki inateleza.

Jeki kazi yake ni kunyanyua tu, kushikilia ni kazi ya stendi. Ile ya mkasi inayokuja na gari ni ya kubadilisha tairi njiani, na ile ya oili, sili (mpira wa ndani unaozuia oili) ikichoka inashuka yenyewe. Stendi iweke chini ya krosimemba (chuma kinene kinachokatiza chini ya gari) au sehemu nyingine nene ya bodi, sio chini ya sampu (bakuli la oili ya injini) wala chini ya bati la sakafu. Teremsha gari iikalie, alafu isukume kwa mikono miwili kwa nguvu kabla hujaingiza hata mkono. Ikitikisika shusha uanze upya. Sasa malizia kutoa nati, vua tairi uilaze chini ya ukingo wa mlango, lolote likitokea gari itaangukia tairi.

Hatua ya 4: Kufungua na kuweka pedi mpya
Piga picha na simu kwanza ujue kila kibati kilikaa vipi. Nyuma ya kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) kuna bolti mbili namba 14, fungua ya chini tu halafu inua kalipa kwa juu. Ukizitoa zote mbili, kalipa ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa ule mpira wa breki.

Lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, pedi za zamani nyingine zilikuwa na asbesto na hata zisizo nayo sio vumbi la kuvuta. Lowesha kwa maji ya sabuni ufute. Petroli sahau kabisa, ni moto tu huo unautafuta.

Chomoa pedi za zamani. Sasa pistoni (ile silinda ndani ya kalipa inayosukuma pedi) inabidi irudi ndani ndo pedi nene zienee. Fungua kifuniko cha mafuta ya breki kule mbele, zungushia kitambaa, weka pedi ya zamani juu ya pistoni ukandamize kwa klampu polepole. Mafuta yatapanda, yakikaribia kumwagika yanyonye kwa bomba la sindano, maana yakidondokea rangi ya gari yanaila, mwagia maji hapo hapo. Grisi ya breki weka kidogo kwenye pini za kalipa na kwenye masikio ya pedi, sio kwenye uso unaogusa diski.

Hatua ya 5: Kurudisha
Pedi mpya zikishakaa kama kwenye picha, rudisha kalipa ukaze bolti zake, kisha rudisha tairi. Nati anza kuziingiza kwa vidole, kaza kwa kuruka upande wa pili sio kwa mduara, shusha gari ndo umalizie. Mwenye spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) aweke 103 Nm, asiye nayo akaze kwa nguvu za mikono, usipande juu ya spana kwa miguu.

Ukimaliza pande zote, KABLA HUJASOGEZA GARI kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Kanyago la kwanza linaenda mpaka chini kabisa, ndo hapo watu wanagonga mageti yao wenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu stendi sina, nikipanga matofali mawili matatu si yanatosha?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Tofali la saruji linapasuka ghafla bila kutoa dalili. Azima stendi kwa fundi.

Swali: Upande wa kushoto tu ndo umeisha, nibadili huo?
Jibu: Badili zote mbili za mbele la sivyo gari itavuta upande mmoja. Na jiulize kwa nini mmoja umewahi, mara nyingi pini za kalipa zimekauka grisi.

Swali: Nimekanyaga weee pedali bado laini kama sponji.
Jibu: Kuna hewa humo au kuna panapovuja. Usitoke nayo barabarani, muite fundi aje kutoa hewa hapo hapo. Na ukiongeza mafuta angalia kifuniko kimeandikwa nini, kama ni DOT 3 usiweke DOT 5, hazichanganyiki.

Swali: Mama mwenye Aqua hapa, na mimi naweza kujifanyia?
Jibu: Dada yangu, Aqua ni haibridi (inatumia petroli na umeme), na humo breki zinaendeshwa na kompyuta na pampu inaweza kujaza presha yenyewe kalipa ikiwa wazi, hiyo mpe fundi mwenye mashine. Na popote utakapoona waya wa rangi ya chungwa usiguse, huo ni umeme mkubwa.