Kuandaa daftari la kompyuta litakalodumu hadi paina zivunwe

Mkulima anayepanda paina huku Mufindi leo anatarajia kuvuna baada ya miaka 15, 20 au zaidi, kwa hiyo daftari la kikundi chake halina budi kukaa muda huo wote bila kupotosha jina, tarehe wala mpaka wa shamba.

Anza na namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, kwani hapo ndipo nilipoumia mimi. Namba hiyo ina tarakimu 20, ilhali Excel, programu ya majedwali, hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote na kuzigeuza zinazobaki kuwa sifuri bila kutoa onyo. Nilikuwa nimekwisha kuandika wanachama wote nilipobofya seli moja iliyosomeka 1.97E+19 na kukuta sifuri tano mwishoni, kisha nyingine, kisha zote. Ikabidi nizunguke upya nyumba kwa nyumba, katika tope la Machi, nikiomba vitambulisho. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima uipe mpangilio wa maandishi, si wa namba. Namba za simu nazo zifanyie hivyo, la sivyo sifuri ya mwanzo itadondoka.

Mwaka uandikwe kwa tarakimu nne. Waandishi wa programu za miaka ya 1960 walibakiza mbili kwa sababu nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ghali mno, na wengi hawakudhani kazi yao ingefika mwaka 2000. Ilifika, na kuirekebisha kukagharimu fedha nyingi sana. Hata sasa, ukiandika mwaka wa mavuno kuwa 45, programu hukisia karne, na huenda ikakuwekea 1945.

Kikomo kingine kiko ndani ya umri wa miti yetu. Mifumo inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu, na mingi itarudi 1901. Ukiuziwa programu, usitosheke na maneno ya muuzaji: mbele yake ingiza mkataba unaoisha 2040, uhifadhi, funga programu, ifungue tena, usome tarehe iliyobaki.

Kila mwaka, upandaji ukiisha, chapisha daftari lote pamoja na majina ya majirani wa kila mpaka, katibu na mwenyekiti watie saini, nakala moja ikae ofisi ya kijiji.