Kabla hujafunga nzi wa kwanza: mambo ya kuzingatia ukiwa Dodoma

Nzi bandia ni ndoana iliyovishwa uzi, manyoya na nywele mpaka samaki aione ni mdudu, nayo huvulia trauti na samoni, samaki wa maji ya baridi. Kila anayepita kwenye meza yangu huuliza: hao trauti wako wapi huku kwetu? Hawapo. Trauti anataka maji ya baridi yanayotembea, na Bwawa la Hombolo ni la perege na kambale. Trauti wanaojulikana sana ukanda huu wako kwenye vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, na walipandikizwa kule tangu 1905. Samoni ndio kabisa, mimi mwenyewe sijawahi kumwona akiwa hai. Lakini kazi ya kufunga haihitaji mto uwe nyuma ya nyumba. Wenzetu Kenya wanawafunga nzi hawa kwa wingi na kuwauza Ulaya na Marekani. Kinachohitajika ni maandalizi, na hapo ndipo wengi wanaoanza huharibu.

Jambo la kwanza, jua unamfungia samaki gani. Trauti anakula wadudu, kwa hiyo nzi wake anaiga kitu ambacho samaki amekula jana na juzi: ukubwa, rangi, hata namna anavyokaa juu ya maji au anavyozama. Samoni wa Atlantiki akishapanda mtoni kwenda kuzaa huwa karibu ameacha kula. Nzi wake haigi mdudu yeyote, anamchokoza tu, na ndiyo maana nzi wa samoni ni wakubwa na wana rangi za sherehe. Anayeanza aanze na trauti. Wa samoni wanakula vifaa na muda.

Ndoana zilinitia hasara. Nilipoagiza mara ya kwanza niliomba namba 20, nikijua namba kubwa ni ndoana kubwa. Pakiti ilipofika nilidhani wameniwekea mbu. Namba inavyopanda, ndoana inapungua, kwa hiyo anza na 10 au 12, ambazo vidole visivyozoea vinaweza kuzimudu. Kama mnunuzi anataka ndoana isiyo na kijino, kile kinachozuia samaki asichomoke, kibane kwa koleo kabla hujaanza kufunga. Kuna ndoana huvunjika hapohapo. Ikivunjika ikiwa tupu umepoteza chuma, ikivunjika baada ya kufungwa umepoteza na nusu saa yako.

Sasa manyoya. Hapa Dodoma tuna bahati ya kuku wa kienyeji. Wahi asubuhi Majengo au Sabasaba wanakochinja, uombe ngozi ya shingo ya jogoo aliyekomaa, pamoja na manyoya yake, kabla hajatumbukizwa kwenye maji ya moto. Unyoya ukishapita kwenye lile sufuria hutoka umesokotana na unanuka. Majogoo wekundu na wenye mistari ya kijivu ndio wanaotafutwa. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, muache aende supu, hana shingo ya kukupa. Ukifika nyumbani kwangua mafuta, paka ngozi chumvi, itandaze juu ya kadibodi kivulini. Hewa yetu kavu itakufanyia kazi iliyobaki.

Kisha pima. Shika unyoya mmoja, upinde mpaka nyuzi zake zisimame, uuweke kando ya ndoana. Nyuzi ziwe na urefu wa mara moja na nusu ya uwazi wa ndoana, kutoka nchani mpaka kwenye shina. Zikizidi sana nzi anapinduka. Nyuzi za jogoo wa kienyeji mara nyingi ni laini na zinakunywa maji, kwa hiyo zinafaa kwa nzi wa kuzama. Kwa wale wa kuelea, Ulaya na Marekani wanafuga majogoo maalumu wenye manyoya membamba, marefu na magumu. Usishindane nao kwa shingo ya sokoni.

Usiweke manyoya kabatini hivihivi. Mfuko wangu wa kwanza niliufungua baada ya miezi mitatu nikakuta vumbi na vijiti, wadudu wamemaliza. Siku hizi manyoya yanalala kwenye friza wiki mbili, yamefungwa vizuri kwenye nailoni, ndipo yahamie kwenye chupa yenye mfuniko.

Na usiokote manyoya porini hata yakiwa mazuri kiasi gani. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, sehemu ya mnyamapori ni nyara ya serikali, na kutembea nayo bila kibali ni kesi. Ukitaka madoa ya kanga, nunua kwa mfugaji. Tamaa ya manyoya si ya kuchekea: mwaka huohuo wa 2009 mwanafunzi mmoja wa muziki aliingia usiku kwenye makumbusho ya Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege kwa ajili ya nzi wa samoni.

Vifaa vingine ni vya kawaida. Jiliwa ndogo ya kubana ndoana, mkasi wenye ncha usiokata kitu kingine chochote, nta, rangi ya kucha isiyo na rangi kwa ajili ya kichwa cha nzi. Uzi wa cherehani ni mnene mno kwa ndoana ndogo, tafuta mwembamba na uuvute kwa mkono kujua unakatikia wapi. Redio iliyokufa usiitupe, ndani yake kuna waya mwembamba wa shaba. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza, alifunga nzi wake maarufu kwa waya wa shaba badala ya uzi, na uzito wa waya ndio uliomzamisha nzi.

Meza iwe karibu na dirisha, maana umeme hauaminiki, ila dirisha lenyewe lifungwe kabla hujafungua manyoya. Upepo wa mwezi wa nane unaujua. Niliwahi kusahau, shingo nzima ikatapakaa uani, na mama wa jirani akachungulia: “Baba Neema, mmechinja mbona hamtuiti?”

Mwisho, chagua aina moja tu na uandae vifaa vya nzi sita kabla hujakaa: ndoana sita, manyoya sita yaliyokwisha pimwa, vipande vya waya vilivyokwisha katwa. Wa kwanza usimtupe, mchomeke kwenye kipande cha ndala mbele yako. Wa sita akimzidi, fungua pakiti ya pili.