Kadi mpya ya grafiki kwenye kompyuta ya zamani: kagua haya kabla hujatoa pesa

Kila anayetaka kuipa uhai kompyuta yake ya mezani huniuliza swali lile lile: "Kadi hii itaingia?" Kuingia, itaingia. Sloti ndefu ya PCI Express (PCIe), ambamo kadi huchomekwa, haijabadilika umbo tangu ianze, na matoleo yake yanaelewana, mapya kwa ya zamani. La kuuliza ni kama itawaka, kama itapata umeme wa kutosha, na kama prosesa yako itaendana nayo.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Pakua CPU-Z, programu inayoonyesha vilivyomo ndani ya kompyuta. Andika pembeni jina la prosesa, modeli ya mazabodi (ubao mkuu), na toleo la BIOS (programu inayoamsha kompyuta kabla ya Windows) pamoja na tarehe yake. Kwenye Linux, amri ya `sudo dmidecode` itakupa yote hayo.

Hatua ya 2: Je, kadi ndiyo tatizo?

Kama tayari una kadi ya aina yoyote, fungua mchezo unaokusumbua, shusha ukubwa wa picha hadi chini kabisa, kisha angalia idadi ya fremu kwa sekunde. Zikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa, endelea na hatua inayofuata. Zikibaki pale pale, prosesa ndiyo imechoka, na kadi mpya haitakusaidia. Zile tovuti zinazokokotoa asilimia ya prosesa "kubana" kadi mimi siziamini hata kidogo. Jaribio hili la dakika tano linakuambia zaidi.

Hatua ya 3: Pima nafasi

Fungua kasha, pima kwa milimita kutoka ukuta wa nyuma hadi kizuizi cha kwanza mbele, kisha linganisha na urefu ulioandikwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Acha nafasi ya waya wa umeme, maana mara nyingi huchomekwa juu, upande wa mlango wa kasha. Kama ni lile kasha jembamba la kompyuta za ofisi, unahitaji kadi fupi ya nusu kimo.

Hatua ya 4: Umeme

Usisome namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Soma jedwali dogo, safu ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi hula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai inaweza kujiita ya wati 300 huku safu hiyo ina ampea 18 tu, yaani wati 216. Sasa chukua prosesa ya Core i5-2400, ambayo imekadiriwa wati 95, uiongezee kadi ya RTX 4060 ya wati 115: umeshafika 210, na bado hujahesabu mazabodi, diski na feni. Hapo hakuna pa kupumulia. Ukikuta safu mbili, 12V1 na 12V2, usizijumlishe. Tafuta kiwango cha pamoja kilichoandikwa chini yake.

Kisha angalia plagi. Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 inaongeza 75, na ya pini 8 inaongeza 150. Kama pawa saplai haina plagi hizo, tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama matoleo mengi ya GTX 1650 au RX 6400. Usinunue adapta inayobadilisha plagi ya SATA (ile ya umeme wa diski) kuwa pini 6. Plagi ya SATA kwa viwango vyake inabeba wati 54 tu upande wa volti 12, na utaitaka itoe 75. Hizo ndizo zinazoyeyuka. Angalizo jingine: baadhi ya kompyuta za ofisi zina pawa saplai yenye umbo na plagi za kwao wenyewe, hivyo ya kawaida haiingii. Hakikisha hilo kabla hujapanga kuibadilisha.

Hatua ya 5: BIOS

Hapa ndipo watu hupotezea siku nzima. Mtu niliyekuwa namsaidia alikuwa na kila kitu sawa: nafasi, umeme, plagi. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Kompyuta inapowashwa, kadi lazima izungumze na BIOS kabla Windows haijaamka. Mashine za zamani huzungumza kwa mtindo wa Legacy, za karibuni kwa UEFI. Kadi nyingi za sasa bado zinaelewa yote mawili, lakini kuna mazabodi za zamani zinazozikataa kadi mpya hadi BIOS isasishwe. Kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi, soma maelezo ya kila toleo la BIOS, na sasisha *ukiwa bado na kadi ya zamani ndani*. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kubaki na ubao usiowaka, kwa hiyo tumia UPS.

Sasa fungua `msinfo32`, programu ya taarifa za mfumo iliyomo ndani ya Windows, utafute mstari wa "BIOS Mode". Ukiona "Legacy", usikate tamaa haraka. Mstari huo unaonyesha jinsi Windows ilivyowashwa, hausemi mashine inaweza nini. Mazabodi nyingi za baada ya 2012 zina UEFI lakini Windows iliwekwa kwa mtindo wa zamani, kupitia mpangilio wa BIOS uitwao CSM, unaoiga mtindo wa Legacy.

Ukitaka kuzima CSM ili mashine iwake kwa UEFI tupu, usikurupuke: Windows iliyo kwenye diski iliyopangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani, haitawaka tena. Igeuze kwanza diski kuwa GPT, mpangilio unaotumiwa na UEFI, kwa `mbr2gpt`, iliyomo ndani ya Windows 10 kuanzia toleo la 1703. Anza na `mbr2gpt /validate /allowFullOS`, ambayo inakagua tu bila kugusa kitu. Itakataa kama diski ina sehemu kuu zaidi ya tatu. Kama unatumia BitLocker, kifuli cha diski cha Windows, isimamishe na uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi, la sivyo utajifungia nje. Nakili mafaili yako pia. Hilo sihitaji kulieleza.

Kadi za Intel Arc ziweke kando kabisa kwa mashine ya namna hii. Zinahitaji Resizable BAR, yaani prosesa kuweza kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ili zifanye kazi vizuri, na mazabodi nyingi za zamani hazina.

Hatua ya 6: Njia za data

Kadi nyingine za bei nafuu zina njia chache za kupitisha data kwenye sloti. RX 6500 XT ina nne tu. Kwenye PCIe 4.0 hizo zinabeba karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye PCIe 2.0 ya i5-2400 zinashuka hadi 2. Kwa mashine ya zamani mimi huchagua kadi yenye njia 16, hata ikiwa ya kizazi cha nyuma.

Hatua ya 7: Monita na draiva

Kadi mpya hazina VGA, tundu la monita za zamani; kama monita yako ni ya hiyo tu, fahamu hili. Utahitaji adapta yenye saketi ya kugeuza mawimbi, siyo kiplagi kitupu. Windows ya biti 32 isahau, kadi mpya hazina draiva (programu ya kuiendesha kadi) kwa ajili yake.

Baada ya kufunga, chomeka monita kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, usome "Bus Interface". Ukiona kasi ya 1.1 (ya PCIe ya mwanzo), usishtuke, kadi imepumzika. Bofya alama ya kuuliza iliyo pembeni uipe kazi, na kasi halisi itajitokeza. Ikibaki x4 au x8 (njia nne au nane) wakati kadi ni ya x16, ichomoe, safisha meno yake kwa kitambaa kikavu, uirudishe hadi usikie kishikizo kimefunga.