Kalule na Ouma ulingoni: jinsi ya kulipanga pambano ambalo halikuwahi kuwepo

Hoteli yangu ya chai iko Malaba, upande wa Uganda, pale trela zinapopanga foleni kusubiri makaratasi. Dereva akishamaliza chapati na habari za barabara, anahamia kwenye ngumi. Nani angempiga nani. Baba yangu alishika ndoo kwenye kona za mabondia Lugogo, Kampala, kwa hiyo wananiita niamue, na nimeamua miaka mingi. Watu wanagombana kwa sababu swali limeulizwa ovyo. "Mugabi na Ouma, nani mkali?" Hilo mtakesha nalo. Mimi nalipanga hivi.

Anzeni na uzani. Hapa sisi Waganda tuna bahati, kwa sababu watatu kati ya mabingwa wetu wa dunia walibeba mikanda ya uzani mmoja, pauni 154, karibu kilo 70. WBA, WBC na IBF ni mashirika yanayotoa mikanda hiyo. Ayub Kalule aliuchukua wa WBA huko Akita, Japani, tarehe 24 Oktoba 1979, alipomshinda Masashi Kudo. John Mugabi alichukua wa WBC mwaka 1989 kwa Mfaransa René Jacquot. Kassim Ouma alichukua wa IBF Las Vegas, Oktoba 2004, kwa Verno Phillips. Hao unawaweka ulingoni bila kumpunguza mtu nyama wala kumwongezea. Cornelius Boza-Edwards nampenda sana, lakini alikuwa bingwa wa pauni 130 mwaka 1981. Atafutiwe wa kilo zake.

Kinachofuata ni kuchagua usiku. Hapa msiharakishe hata kama chai inapoa. Jina la bondia halipigani. Anayepigana ni mtu wa usiku fulani, mwenye umri fulani na majeraha fulani. Mugabi ndiye anayenifundishia jambo hili vizuri kuliko wote. Machi 1986, wiki sita tu baada ya NRA, jeshi la Museveni, kuingia Kampala, mimi nikiwa na miaka 12, baba alikaa na redio mapajani akisubiri habari za Las Vegas. Mugabi alikuwa hajawahi kushindwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumaliza naye raundi zote. Alikuwa amepanda hadi uzani wa Marvin Hagler, pauni 160, akasimama naye mpaka raundi ya 11 ndipo akaanguka. Baba alizima redio akasema, "Mtoto amepigana." Sasa chukua Mugabi wa tarehe 31 Machi 1990, Tampa, aliyemalizwa na Terry Norris katika raundi ya kwanza. Jina ni lile lile, miaka minne tu imepita, na ukiniambia hao ni bondia mmoja nitakukatalia. Kwa hiyo kwenye meza yangu haandikwi "Mugabi". Anaandikwa "Mugabi, 10 Machi 1986", au hapigani.

Kwa Kalule ni vivyo hivyo. Yuko wa Akita. Yuko wa Houston, 25 Juni 1981, aliyeingia na ushindi 36 bila kushindwa, akasimamishwa na Sugar Ray Leonard raundi ya tisa. Yuko wa 1986 aliyepigwa na Herol Graham, na huyo alikuwa wa mwisho mwisho. Sisi tulichukua Kalule wa Akita dhidi ya Ouma wa Oktoba 2004. Miaka 25 katikati yao.

Halafu mkubaliane kanuni za mwaka gani. Enzi za Kalule pambano la ubingwa lilikuwa raundi 15. Zilipunguzwa hadi 12 baada ya Duk Koo Kim wa Korea kufariki, siku chache baada ya kupigwa na Ray Mancini katika raundi ya 14, Novemba 1982. WBC walianza, wengine wakafuata. Pia zamani bondia alipimwa uzani asubuhi ya siku ya pambano. Wa leo anapimwa jana yake, anakula, anakunywa, anaamka mzito zaidi. Ukisahau hilo umempa Ouma kilo za bure. Sisi tuliwapima wote asubuhi. Raundi zilituletea mvutano mkali, nikaamua tupige 12, tuandike, kisha tuendelee mpaka 15.

Sasa miguu. Chukua vizibo vinne vya soda, viwili vyekundu na viwili vya bluu, viwe miguu ya mabondia wawili. Bondia wa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto. Wa mkono wa kushoto hutanguliza wa kulia. Ukiwaelekezanisha hao wawili mezani, vizibo vya mbele vinakanyagana, na kila mmoja anatafuta kupitisha wake kwa nje ili mkono wake wa nguvu upate njia iliyonyooka. Kalule na Ouma wote ni wa mkono wa kushoto. Sogeza vizibo uone: miguu ya mbele haikanyagani tena. Ule mlango ambao kila mmoja ameuzoea maisha yake yote umefungwa, na ngumi ya kulia ya kunyoosha ndiyo inayofika kwanza. Dereva mmoja wa Mombasa, aliyekuwa upande wa Ouma, alivitazama vile vizibo muda mrefu, kisha akavuta kiti karibu. Hapo ndipo mjadala ulipoanza kweli.

Kila bondia apewe mtu mmoja wa kumsemea. Wengine wakae kimya. Naweka dakika tatu kwenye simu, nagonga kifuniko cha sufuria, raundi inaanza. Na sheria ni moja tu: hairuhusiwi ngumi ambayo hujamwona akiirusha katika pambano la kweli.

"Mama, Ouma anarusha ngumi mpaka mtu anasahau jina la babake," akasema yule wa Mombasa.

"Umeziona wapi, mwanangu?"

"Kwa Phillips. Na kwa Jermain Taylor 2006, alimaliza raundi zote 12 na mtu wa pauni 160."

"Basi zinahesabiwa."

Tanboi wake akarukia kwamba Kalule angemlaza Ouma kwa ngumi moja ya kushoto. Nikamuuliza usiku gani. Kimya. Haikuandikwa.

Maksi ni kama za majaji: mshindi wa raundi anapata 10, mwenzake 9, akiangushwa 8. Andika kila raundi inapoisha, kabla hamjaanza nyingine. Mkisubiri mwisho, kila mtu atakumbuka anayoyataka.

Kwenye daftari langu, Kalule alichukua raundi nne za kwanza kwa ile ngumi ya kulia ya kunyoosha, mtulivu, hakimbizwi. Kuanzia ya tano Ouma akaingia mbavuni, akachukua tano mfululizo. Ya 10 nikampa Kalule, ya 11 na 12 Ouma. Jumla, Ouma 115, Kalule 113. Mombasa wakapiga meza mpaka vizibo vikaruka.

Nikagonga kifuniko tena, raundi ya 13. Nikamwambia yule dereva, "Nionyeshe Ouma raundi ya 13." Hakuwa nayo, maana Ouma hakuwahi kuvuka 12. Kalule alizimaliza zote 15 kwa Kudo usiku ule ule tuliouchagua, akashinda kwa pointi. Dereva akalalamika kwamba kukosa ushahidi si kuchoka. Ana haki ya kusema hivyo, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini kona yake haikuwa na kitu cha kuweka mezani, na ya mwenzake ilikuwa nacho. Raundi tatu zikaenda kwa Kalule: 143 kwa 142.

Nimeandika matokeo yote mawili, na tarehe, na kanuni zilizotumika. Dereva amepata makaratasi yake, amekwenda Kampala, na akirudi anataka marudiano. Safari hii anamtaka Kalule wa Houston. Nimeshaandika jina na usiku, na vizibo nimevihifadhi kwenye kopo la majani ya chai.