Darubini isubiri, anza na macho
Ukitaka kuanza kutazama nyota, usikimbilie kununua darubini. Chagua usiku usio na mbalamwezi, kaa gizani dakika 20 hadi 30 macho yazoee, na simu ibaki mfukoni. Ukiichungulia mara moja tu, umerudi mwanzo. Tochi, kama huna budi, ifunike kwa kitu chekundu.

Kisha tafuta Kilimia, kama kimeshachomoza: kishada kidogo cha nyota, kama moshi kwa mbali. Usikikodolee. Tazama pembeni yake kidogo, na nyota zitaongezeka! Gizani, katikati ya jicho ni dhaifu kuliko kandokando.

Na ile inayong'aa sana bila kumetameta? Huenda si nyota, ni sayari: Zuhura au Mshtarii.